Iyafoni za Bluetooth zinaoanishwa lakini haziungani kwenye Debian 12, naomba msaada kabla ya Jumatatu

MamaWawili

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni.

Nimekwama siku ya tatu sasa. Kazi yangu ni kuandika mahojiano: natumiwa sauti zilizorekodiwa, nazisikiliza, naziandika neno kwa neno. Nafanya usiku wanangu wakishalala, na tunaishi chumba kimoja na sebule, kwa hiyo bila kitu cha masikioni siwezi kufanya chochote. Iyafoni zangu za waya zilikufa upande mmoja, nikanunua hizi zisizo na waya, zile zenye kikasha chake cha kuchajia.

Laptopu ni ya mtumba, RAM 4GB. Nimeweka Debian 12, aina ya Linux, na Xfce, muonekano wake mwepesi wa madirisha, kwa sababu ndiyo inayokwenda bila kugandaganda. Kwenye simu iyafoni zinafanya kazi vizuri kabisa. Kwenye laptopu zinaonekana, naoanisha, naambiwa zimeoanishwa, lakini nikibonyeza kuunganisha zinashika kama sekunde mbili halafu zinaachia. Nimefuta na kuoanisha upya labda mara kumi. Mdogo wangu anasema nirudishe Windows. Sitaki, maana nakumbuka ilivyokuwa inachelewa kuwaka. Jumatatu natakiwa kukabidhi mahojiano ya saa mbili na nusu.

fundi_wa_usiku

Pole sana dada. Usirudishe Windows na usifute mfumo. Ukiweka kila kitu upya hutajua kilichoharibika kilikuwa nini, na siku kikirudi utaanza tena sifuri.

Sauti ikitoka kwenye Linux kwenda kwenye iyafoni hupita mikono mitatu. Wa kwanza ni kerneli, yaani kiini cha mfumo, pamoja na chipu ya Bluetooth, hapo ndipo redio yenyewe ilipo. Wa pili ni BlueZ, programu inayotafuta vifaa, inayovioanisha na kutunza funguo zao. Wa tatu ni seva ya sauti, yaani PulseAudio au PipeWire, inayopokea sauti kutoka kwenye kivinjari au kicheza muziki na kuielekeza inakotakiwa. BlueZ yenyewe haichezi sauti. Inafungua mlango tu, na kama ndani hakuna wa kumpokea mgeni, mlango unafungwa tena. Dalili yako ya kushika sekunde mbili inanifanya niushuku mkono wa tatu, lakini tusikisie, tuuangalie mmoja mmoja.

Anza kwa kuzima Bluetooth ya simu. Iyafoni nyingi zikitolewa kwenye kikasha hukimbilia kifaa cha mwisho zilichokizoea, na mtu anaweza kuhangaika na laptopu usiku mzima kumbe simu iliyo mfukoni imeshazichukua. Kisha fungua teminali:

`rfkill list`
`sudo dmesg | grep -i bluetooth`
`pactl info`

Halafu andika `bluetoothctl`, ukiwa humo andika `devices`, uone anwani ya iyafoni, kisha `connect` ikifuatwa na hiyo anwani. Tubandikie majibu yote. Anwani ni zile jozi sita za namba na herufi, ficha nusu yake.

Kibao_Kata

Mimi ningeshauri aweke Linux Mint 22 yaishe. Tangu toleo hilo la 2024 PipeWire inakuja nayo tayari, mimi iyafoni zangu zilishika siku ya kwanza.

fundi_wa_usiku

Mint ni nzuri, ndugu yangu, na kwa anayeanza leo ningemshauri hivyohivyo. Lakini huyu dada ana kazi Jumatatu, na kupakua mfumo mzima ni bando kubwa kwa tatizo ambalo huenda ni la kifurushi kimoja cha programu. Tuone majibu yake kwanza.

MamaWawili

Asanteni kwa kunijibu. `rfkill list` inaonyesha `Soft blocked: no` na `Hard blocked: no`. Dmesg imetoa mistari mingi, sioni neno failed wala error.

Kwenye `devices` naona jina la iyafoni mara mbili! Moja lina jina lenyewe, jingine limeanza na `LE_`. Anwani zao hazifanani. Nilikuwa nabonyeza yoyote inayotokea juu.

Nilipoandika connect kwa ile yenye jina la kawaida:

`Attempting to connect to 41:42:...`
`Failed to connect: ... br-connection-profile-unavailable`

Na `pactl info` kuna mstari huu: `Server Name: PulseAudio (on PipeWire 0.3.65)`

fundi_wa_usiku

Dada, hapo umetupa kila kitu.

Kwanza yale majina mawili. Iyafoni nyingi za siku hizi zina Bluetooth za aina mbili ndani: ile ya zamani inayobeba muziki, na ile inayotumia umeme kidogo, LE, ambayo watengenezaji wanaitumia kwa programu zao za simu, kuonyesha chaji na kubadilisha mipangilio. Ukioanisha ile ya LE, Linux itakukubalia kwa roho safi lakini sauti hutaipata, kwa sababu kwenye iyafoni za namna hii sauti haipiti huko. Ifute: `remove` na anwani yake. Bakia na yenye jina la kawaida.

Sasa hayo maneno `br-connection-profile-unavailable`. Watu wengi wakiyaona wanaenda kununua iyafoni nyingine, na inaniuma kila nikisikia, kwa sababu iyafoni hazina kosa. Maana yake ni kwamba laptopu na iyafoni zimesalimiana vizuri, redio ni nzima, ufunguo umekubaliwa, kisha BlueZ ikageuka nyuma kuuliza: nani hapa anapokea profaili ya muziki, A2DP? Hakujibu mtu, ikafunga. Ukiangalia `journalctl -u bluetooth` naamini utakuta mstari unaosema `a2dp-sink profile connect failed` na mwishoni `Protocol not available`. Ni jambo lilelile.

Wa kujibu alitakiwa awe PipeWire. PipeWire unayo, lakini kipande chake cha Bluetooth kwenye Debian ni kifurushi cha peke yake. Hebu angalia:

`dpkg -l | grep libspa-0.2-bluetooth`

Isipotoa kitu, tumempata. Na niambie, hiyo PipeWire uliiwekaje? Nijuavyo mimi, ukichagua Xfce wakati wa kuweka Debian 12 unapewa PulseAudio.

MamaWawili

Haijatoa kitu kabisa! Na mstari wa `Protocol not available` upo, tena umejirudia kila mara niliyojaribu.

Kuhusu PipeWire, mwezi uliopita nilifuata video moja. Nilibadilisha kwa amri, nikaongeza `--no-install-recommends` kwa sababu nilikuwa nabana bando.

fundi_wa_usiku

Basi ndiyo hapo. Maneno hayo yanaiambia apt, amri ya kuweka programu kwenye Debian, iache vifurushi vyote vinavyopendekezwa, ichukue vya lazima tu. Kwa kubana bando ulifikiria sawa, ila sauti ya Bluetooth inaweza kubaki nje ikawa hivi. Weka:

`sudo apt install libspa-0.2-bluetooth`

Halafu washa upya seva ya sauti, bila sudo:

`systemctl --user restart pipewire pipewire-pulse wireplumber`

Kisha `sudo systemctl restart bluetooth`, na urudi kwenye bluetoothctl ujaribu connect.

Na kwa wengine watakaopita hapa: mwenye PulseAudio halisi, yaani `pactl info` haitaji PipeWire popote, kifurushi chake ni `pulseaudio-module-bluetooth`. Usiweke vyote viwili, kila seva ina chake.

MamaWawili

Amri ya pili imenijibu `Failed to connect to bus: No medium found`. Nimefanya nini?

Mwanakwetu_Nairobi

Dada, bila shaka umeweka sudo mbele yake. Zile huduma za `--user` ni zako wewe uliyeingia kwenye kompyuta, si za msimamizi. Ukiweka sudo unakuwa mtu mwingine, na huyo mtu mwingine hana seva ya sauti ya kuwasha. Rudia bila sudo.

MamaWawili

ZIMESHIKA! Zimeniambia "connected" masikioni, nimekaa kimya kama dakika nzima nikisubiri ziachie, hazijaachia.

Ila sauti bado inatokea kwenye spika ya laptopu, na mtoto mdogo ameshaamka.

fundi_wa_usiku

Alhamdulillah. Pole kwa mtoto.

Fungua pavucontrol, kwenye menyu inaitwa Volume Control. Nenda kichupo cha Output Devices, iyafoni zitakuwa humo, bonyeza kile kitufe cha alama ya vema iwe chaguo la kwanza. Kama kivinjari kilikuwa kimeshaanza kucheza, nenda kichupo cha Playback ukihamishe kwa mkono. Ukishafanya hivyo mara moja PipeWire itakumbuka.

Nungwi_Kaskazini

Naomba nidandie uzi wa dada. Mimi nina error ileile ya kutounganika, nimeweka hicho kifurushi, na bado. Kwangu hata kutafuta vifaa haiwezi, bluetoothctl inasema `No default controller available`. Nilikuwa Debian 11, nikapanda kwenda 12 bila kuweka upya. Zamani ilikuwa inafanya kazi.

fundi_wa_usiku

Ndugu wa Nungwi, yako si ileile. Mwenzio mlango ulifunguka akakosekana wa kupokea, kwako hakuna mlango. Uko kwenye mkono wa kwanza. Tupe dmesg.

Nungwi_Kaskazini

`Bluetooth: hci0: RTL: firmware file rtl_bt/rtl8761bu_fw.bin not found`

Ni kidude cha USB, nilikinunua kwa sababu laptopu haikuja na Bluetooth.

fundi_wa_usiku

Umesoma mwenyewe jibu lako. Chipu nyingi za Bluetooth hazina akili mpaka kompyuta izipakie programu yao ya ndani kila zinapowashwa. Faili hiyo si huria, ndiyo maana Debian kwa miaka mingi haikuitia kwenye diski yake ya kawaida ya usakinishaji. Oktoba 2022 wanachama wa Debian walipiga kura kukubali faili za namna hii ziwemo, na toleo la 12, lililotoka Juni 2023, likaja na sehemu mpya ya hazina yake ya vifurushi inayoitwa `non-free-firmware`. Anayeweka upya anaipata. Aliyepanda kutoka 11 kama wewe lazima aiongeze mwenyewe, la sivyo apt inatafuta pale pa zamani.

Fungua `/etc/apt/sources.list`, na kwenye kila mstari wa Debian unaoishia na `main` ongeza `non-free-firmware`. Kisha:

`sudo apt update`
`sudo apt install firmware-realtek`

Chomoa kidude, zima laptopu kabisa, washa, chomeka.

Nungwi_Kaskazini

Nimefanya, taa imewaka na simu yangu inaiona laptopu. Kumbe nilikuwa natembea na tatizo tangu mwaka juzi nikijua kidude kimeungua. Mungu akubariki.

MamaWawili

Wakuu, narudi. Nimefanya kazi saa nzima vizuri sana. Halafu nimefungua kikao cha mtandaoni na mteja, na ghafla sauti imekuwa kama ya redio ya mkulima iliyowekwa ndani ya debe. Mteja anasema na yeye ananisikia vibaya. Nilipotoka kwenye kikao ikarudi safi. Iyafoni zimeharibika?

fundi_wa_usiku

Hazijaharibika, na hapa si Debian wala laptopu yako. Hivi ndivyo Bluetooth ya kawaida ilivyoundwa, na naomba nieleze kidogo kwa sababu watu wanaibiwa pesa kwa kutojua.

Profaili ya muziki, A2DP, inapeleka sauti upande mmoja tu, kutoka kwenye kompyuta kwenda sikioni, ndiyo maana ina nafasi ya kuipeleka ikiwa safi. Haina njia ya maiki kurudi. Programu ikiomba maiki ya iyafoni, mfumo unalazimika kuhamia profaili ya simu, HFP, inayobeba pande mbili kwenye kijinjia chembamba. Kodeki yake ya zamani, yaani njia ya kubana sauti, iitwayo CVSD, inachukua sampuli 8,000 za sauti kwa sekunde. Mpya kidogo, mSBC, inachukua 16,000. Muziki wa kawaida ni 44,100. Kwa hiyo masikio yako hayakudanganyi, sehemu kubwa ya sauti imekatwa kweli. Simu nayo inafanya hivyo ukipiga, ila kwenye simu tumezoea.

Dawa ni rahisi: kwenye kikao chagua maiki ya laptopu yenyewe, si ya iyafoni. Iyafoni zibaki za kusikilizia tu, hazitahama A2DP. Kama zimeganda kwenye sauti ya debe baada ya kikao, pavucontrol, kichupo cha Configuration, rudisha kwenye High Fidelity Playback. Na kwa kazi yako wewe ya kusikiliza neno kwa neno, fanya mazoea ya kuangalia hapo kabla ya kuanza. Kwenye profaili ya simu "s" na "f" zinakaribiana mno, unaweza kuandika jina la mtu vibaya ukidhani amelitamka hivyo.

Mwanakwetu_Nairobi

Naongezea kwa wenye WirePlumber, msimamizi wa PipeWire, toleo la 0.5 na kuendelea, kama Fedora za karibuni. Unaweza kuizuia isihame yenyewe:

`wpctl settings --save bluetooth.autoswitch-to-headset-profile false`

Debian 12 ina WirePlumber 0.4, huko amri hii haipo, fanya alivyosema fundi.

MamaWawili

Nimechagua maiki ya laptopu, mteja amesema sasa ananisikia kama nimekaa naye. Na ni kweli kuhusu majina. Nimerudia kusikiliza sehemu niliyoandika nikiwa kwenye sauti ya debe, nimekuta nimeandika "Faida" badala ya "Saida" mara nne. Nimerekebisha.

Bin_Muscat

Assalaam alaykum. Niko Muscat, nimeufuata uzi tangu mwanzo. Yangu ni hii: laptopu ina Windows na Linux pamoja. Nikioanisha iyafoni Linux, Windows inazikataa. Nikioanisha Windows, Linux inazikataa. Kila siku nafuta na kuoanisha.

fundi_wa_usiku

Waalaykumu salaam. Laptopu yako ina anwani moja ya Bluetooth hata ukiwasha mfumo upi, kwa hiyo iyafoni zinaamini ni kifaa kimoja. Kila ukioanisha, ufunguo mpya unatengenezwa na ule wa mwanzo unafutika kwenye iyafoni. Mfumo wa pili unakuja na ufunguo wa jana.

Ifanye mifumo yote miwili ishike ufunguo mmoja. Oanisha kwenye Linux kwanza, kisha Windows, ili ufunguo wa Windows ndio uwe wa mwisho. Rudi Linux bila kuoanisha tena. Soma ufunguo kutoka kwenye rejista ya Windows, yaani daftari lake la mipangilio, kwa programu ya `chntpw`, uko chini ya `BTHPORT\Parameters\Keys`. Uandike kwenye faili ya `info` iliyo ndani ya `/var/lib/bluetooth`, folda ya chipu yako, folda ya iyafoni, chini ya `[LinkKey]`, mstari wa `Key=`. Herufi kubwa, bila nafasi wala mkato. Washa upya huduma ya bluetooth. Weka nakala ya faili kabla ya kugusa.

Bin_Muscat

Nimehangaika na nafasi kati ya herufi mpaka nikaona uliposema bila nafasi. Sasa zinashika pande zote mbili. Jazakallah khayr.

MamaWawili

Samahani kwa kuwasumbua, swali la mwisho. Leo zinakatakata. Neno linakatika katikati, kisha linarudi. Jana haikuwa hivi.

Mwanakwetu_Nairobi

Jana na leo umebadilisha nini mezani?

MamaWawili

Nimechomeka diski ya nje yenye sauti za mteja. Iko upande wa kulia.

Mwanakwetu_Nairobi

Tundu la bluu ndani? Hiyo ni USB 3. Intel walitoa maelezo mwaka 2012 kwamba USB 3 ikifanya kazi inamwaga kelele kwenye masafa ya 2.4 GHz, palepale Bluetooth ilipo. Hamishia sauti ndani ya laptopu, uchomoe diski. Kama haiwezekani, itumie kwenye tundu la USB 2, au isogeze mbali kwa waya mrefu.

Na Wi-Fi: kama ruta yako ina 5 GHz, hamia huko. Bluetooth inaruka mara 1,600 kwa sekunde kwenye chaneli 79 ili kukwepa msongamano, lakini nyumba zetu za kupangana kila mlango una ruta ya 2.4, pa kurukia panaisha. Tena kwenye laptopu nyingi Wi-Fi na Bluetooth ziko kwenye kadi moja, na mara nyingi zinagawana antena.

MamaWawili

Nimehamisha mafaili na kuchomoa diski. Nimesikiliza dakika kumi, halijakatika hata neno moja. Ruta yangu ni ya 2.4 tu, nikisikiliza nitakuwa naizima, kazi yenyewe haihitaji intaneti.

fundi_wa_usiku

Dada, umeshaandika `trust` na anwani ya iyafoni ndani ya bluetoothctl? Bila hiyo utakuwa unabonyeza kuunganisha kila usiku.

MamaWawili

Sikujua. Nimeandika sasa hivi, nikazirudisha kwenye kikasha, nikafungua. Zimejiunga zenyewe kabla sijazivaa. Mtoto amegeuka upande wa pili, hajaamka. Nimebakiza dakika 41 za mahojiano na leo ni Jumamosi.